Mama Mkwe na Ndago za Shimo la Saba

Kabla hajawa mtu wa nyasi, Zulia alikuwa kinyozi, tena si kinyozi mbaya. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Mteja akishakaa kitini tu anaanza kusimuliwa habari, na Zulia alikuwa msimuliaji wa mikono. Habari ikifika pahali patamu, mikono yote miwili inapanda hewani, na mmojawapo umeshika wembe. Watu walivumilia kwa sababu habari zenyewe zilikuwa nzuri. Ikawa hivyo mpaka siku alipomnyoa bwana harusi mmoja huku akimsimulia kisa cha fahali aliyeingia benki. Fahali alipofika dirisha la keshia, wembe ukaondoka na nusu ya unyusi wa kushoto. Picha za harusi ile zipo mpaka leo, na katika zote bwana harusi anaonekana kama mtu anayetaka kuuliza swali.

Ndugu wa bwana harusi walikuja dukani wakiwa wengi kuliko viti. Zulia akatokea mlango wa nyuma, akakimbia bila kuchagua njia, akaruka ua wa michongoma na kuangukia mahali pa kijani pasipo na mwisho. Alilala pale kifudifudi akihema, pua imezama majanini. Jambo la kwanza aliloliona, kinyozi ni kinyozi, ni kwamba aliyekata nyasi zile hakuijua kazi. Zilikuwa na ngazi ngazi kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na dada yake. Akalisema hilo kwa sauti, bila kujua kwamba kuna mtu amesimama juu yake na fimbo ya gofu begani.

"Wewe ungezikataje?" yule mtu akauliza.

"Ningefuata upande zinakolalia, mzee. Hizi zimekatwa kinyume. Ndiyo maana zimesimama kama zimetishwa."

Yule mzee alikuwa mwenyekiti wa klabu ya gofu, daktari wa meno aliyestaafu, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeingia vinywani mwa nusu ya mji. Hakuuliza kwa nini mtu yule ameingia kwa kuruka ua. Alimwambia aje kesho, apitie mlangoni.

Hivyo ndivyo alivyoingia kazini, na kazi ikamkaa kama ngozi. Akajifunza mashine za kukatia, akajifunza kumwagilia, akajifunza ni ukoka upi wa njiani, wachezaji wanakopita, na upi wa grini, yaani pale pembeni mwa shimo ambapo nyasi hukatwa fupi mpaka mpira unateleza kama juu ya meza. Mtu akimuuliza kazi yake hujibu, "Natandika zulia." Jina likamganda. Kadiri nyasi zake zilivyozidi kunona, ndivyo nywele zake mwenyewe zilivyozidi kumhama, mpaka wanachama wakawa wanasema kwamba anazihamishia uwanjani.

Akaishi vizuri hivyo mpaka zilipoingia ndago.

Zilikuja na lori la udongo, lililoletwa kusawazisha grini ya shimo la saba baada ya mvua kuibomoa. Udongo ulikuwa mweusi, mtamu wa kutazama. Ukasawazishwa, ukoka ukapandwa, ukashika. Kisha asubuhi moja Zulia alikuta majani mawili matatu yamesimama kuliko wenzao, yanang'aa, yamenyooka kama wageni waliokuja na suti kwenye kikao cha watu wa nyumbani. Akayakata. Kesho yake yalikuwa yamerudi na ndugu zao.

Anayezijua ndago hahitaji maelezo. Asiyezijua aambiwe tu kwamba chini ya kila jani kuna kiazi kidogo cheusi kigumu, kama punje ya karanga iliyoungua, na chini ya hicho kuna uzi, na mwisho wa uzi kuna kingine. Ukilivuta jani, linakuja jani. Kile cha chini kinabaki kinakucheka.

Zulia alipulizia dawa. Ndago zikawa njano, na ukoka nao ukawa njano kwa kuwahurumia majirani. Baadaye ndago zikapona. Ukoka haukupona.

Mwenyekiti akaja kuangalia. Akachuchumaa, akaligusa jani kwa kidole kama anayegusa fizi.

"Hili ni la kung'oa," akasema. "Jino bovu hulikati juu. Unalitoa na mzizi wake."

"Mheshimiwa, mimi nasema tuzinyoe. Ukizinyoa kila asubuhi bila kukosa, zitafika mahali zichoke zenyewe."

Mwenyekiti akamtazama utosini kwa muda. "Zako zilichoka namna hiyo?"

"Zangu zilikuwa hazina moyo, mheshimiwa. Lakini ndiyo, namna hiyo hiyo."

Wakaachana kila mmoja na imani yake, na ndago zikaendelea na shughuli zao.

Wakati huo ndipo mama mkwe wa Zulia alipokuja kukaa kwa binti yake, apimwe macho. Alikuwa mama mfupi, mpana, mkulima tangu alipojua kusimama, na hospitali ilipomwambia asubiri miwani yake itengenezwe, akabaki pale nyumbani hana la kufanya. Mke wa Zulia ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Mama mtu alikaa karibu na cherehani akikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Akivimaliza anavikunjua ili avikunje tena.

Jioni moja, wakati wa chakula, Zulia aliteleza ulimi akazitaja ndago.

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Ndago?"

"Kidogo tu, Mama."

"Ndago hazina kidogo, baba. Zinakusumbua?"

Zulia aliangalia sahani yake. Kwa watu wengine wote alikuwa na maneno ya kugawa na mengine ya kuweka akiba. Kwa mama mkwe alikuwa na mawili tu, "ndiyo" na "Mama", na tangu aoe hajawahi kuhitaji la tatu. "Ndiyo, Mama," akasema.

Asubuhi alipofika shimo la saba alimkuta mama mkwe ametangulia. Amekaa katikati ya grini juu ya kigoda, khanga kiunoni, kisu cha jikoni kilicholika mkononi, na kikapu ubavuni. Anachimba. Grini ambayo wanachama hukatazwa hata kuikanyaga na viatu vyenye kisigino sasa ilikuwa na vishimo kama uso uliougua ndui.

Zulia akasogea mpaka ukingoni mwa grini. Alijua sentensi aliyotakiwa kuisema. Aliipanga vizuri kichwani, akaitanguliza na heshima zote, akafungua kinywa.

"Umeamkaje, Mama?"

"Salama, baba. Nenda kafanye kazi zako nyingine. Hizi niachie mimi."

"Ndiyo, Mama."

Inafaa kueleza jinsi shimo la saba lilivyo. Ni fupi, lakini mbele ya grini kuna kinundu cha ardhi, hivyo anayepiga mpira anaona ncha ya bendera tu. Mpira ukivuka kinundu, mchezaji hajui umeanguka wapi mpaka afike. Na mpira ukielekea mahali penye mtu, adabu ya mchezo ni kupiga ukelele mmoja, "Foo", yaani jihadhari.

Wa kwanza kufika siku ile alikuwa mwenyekiti mwenyewe, akiwa na rafiki yake mfamasia. Zulia alikuwa kando ya grini anavuta mpira wa maji, na kofia yake ndiyo iliyoonekana kutoka upande wa pili. Mwenyekiti akapiga, akaiona ile kofia, akapaza sauti.

"Foo!"

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mama mkwe bila kuinua kichwa.

Kutoka nyuma ya kinundu ikasikika sauti ya mfamasia ikiuliza, "Nani ameitika?"

Mpira ulishuka kutoka mbinguni, ukaingia ndani ya kikapu, juu ya ndago. Mama mkwe akautoa. Akaugeuza geuza, akaupangusa vumbi kwa pindo la khanga. Kisha akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kabati la kuwekea kikombe, akakiona kishimo penye bendera. Akainuka, akaenda, akautumbukiza. Ulienea barabara. Akarudi kigodani ameridhika.

"Mama," alisema Zulia, "huo mpira..."

"Nini, baba?"

"Hapana. Ndiyo, Mama."

Na hapo mwenyekiti akatokea juu ya kinundu, akamwona mama anayeng'oa ndago na mizizi yake kama yeye alivyotaka, akaridhika. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kwenye mchanga wa kando ya grini. Mfamasia ndiye aliyechungulia shimoni, basi tu, kama mtu anavyochungulia sanduku la barua la jirani. Akasimama wima polepole.

"Daktari," akasema, "njoo uone."

Kuutia mpira shimoni kwa pigo moja ni jambo ambalo wachezaji wengi wa gofu hufa hawajalionja. Mwenyekiti alikuwa amelisubiri tangu ana meno yake yote. Alipiga magoti, akaingiza ule mkono mkubwa shimoni, akautoa mpira kama anavyotoa gego, akaubusu. Kisha mzee yule, mwenyekiti wa klabu, babu wa watu, akalala chali juu ya nyasi, akaanza kupiga miguu hewani taratibu kama anaendesha baiskeli.

"Ameumwa na nini?" mama mkwe akamnong'oneza Zulia.

"Furaha, Mama."

"Maskini. Ana watu wa kumwangalia lakini?"

Zulia alitaka kusema ukweli. Alisogea, akakohoa, akaanza, "Mheshimiwa, kuhusu ule mpira," lakini mwenyekiti alikuwa amekwisha kumkumbatia. "Ni nyasi zako, Zulia," akasema na machozi yakimtoka. "Umezilaza vizuri mpaka mpira unajitafutia njia." Mtu akisifiwa namna ile mbele ya mama mkwe wake, kulikatiza neno si rahisi. Yeye aliyepoteza kazi ya kwanza kwa kuongea sasa alikuwa amekamatwa na ububu.

Mfamasia naye alikuwa bado hajapiga mpira wake. Walirudi wote wawili nyuma ya kinundu, akapiga. Akautia kwa pigo moja.

Hadi jua linazama, hakimu ametia, mwenye duka la vipuri ametia, na mwalimu wa hesabu aliyeanza kucheza wiki iliyopita, ambaye mpira wake kwa kawaida huenda nyuma, naye ametia. Kwa desturi ya mchezo, aliyetia anawanywesha wenzake, na kwa kuwa wote walikuwa wametia, kila mtu alimnunulia kila mtu. Walikunywa soda mpaka wakawa wanaongea kwa mbweu.

Jioni Zulia alimweleza mkewe wakiwa peke yao karakanani. Mke alikuwa na pini mdomoni, ikabidi azitoe haraka, kwa sababu kicheko kilikuja bila hodi.

"Usicheke. Mwambie mama yako asiguse mipira."

"Mwambie wewe. Si wewe ndiye bosi wa nyasi?"

"Mimi nimwambie mama mkwe wangu maneno kama hayo? Nikiwa nimesimama na yeye amekaa?"

"Basi kaa nawe."

Hakukaa wala hakusema. Siku zikapita, na shimo la saba likawa na foleni. Watu waliokuwa wameacha gofu wakarudi. Katika ukumbi wa klabu ilitundikwa picha kubwa ya mwenyekiti akiwa na mpira wake kati ya vidole viwili, na chini yake maandishi: Shimoni kwa Pigo Moja. Grini yenyewe ilikuwa inazidi kuharibika, lakini nani aangalie chini? Tena ndago hazikuwa zimepungua. Kisu cha mama mkwe kilitoa moja na kukata nyuzi za tatu, na kila uzi uliokatwa uliona kwamba sasa umepata uhuru wa kuanzisha ukoo wake. Zulia aliliona hilo. Mama mkwe, macho yake yakiwa yanasubiri miwani, hakuliona.

Mambo yalipasuka siku ya mashindano na klabu ya wageni.

Nahodha wa wageni alikuwa mtu nadhifu sana, soksi zake zimepigwa pasi. Asubuhi alizunguka kukagua uwanja. Alipofika la saba alisimama mbele ya mama mkwe, akamwangalia kama mtu anayeangalia gunia lililosahauliwa njiani, kisha akamgeukia Zulia.

"Huyu bibi atolewe hapa," akasema, akaondoka zake.

Mama mkwe aliendelea kuchimba. Baada ya muda akauliza, kwa upole kabisa, "Yule baba hana ulimi wa salamu?"

"Ana haraka, Mama."

"Nimeona," akasema.

Mchana sauti ya nahodha ilisikika nyuma ya kinundu, naye akapiga shimo la saba. Lilikuwa pigo zuri kuliko yote yaliyopigwa pale msimu mzima, Zulia angekula kiapo. Mpira uliruka kinundu, ukadunda mara moja, ukaviringika taratibu kuelekea shimoni, ukasimama unachungulia ukingo. Kwa upepo kidogo tu ungeingia. Mama mkwe akanyoosha mkono, akauchukua, akautia kikapuni na kuufunika na ndago.

Nahodha alipofika aliutafuta mpira wake kila mahali. Aliutafuta mchangani, kichakani, chini ya mashine ya Zulia. Wenyeji walimsaidia kwa moyo mmoja. Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja shimoni kama kawaida na akashangaa kukuta hamna kitu.

"Ajabu," akasema. "Hapa huwa haupotei mpira."

"Bibi," nahodha hatimaye akamwambia mama mkwe, "umeuona mpira wangu?"

"Mimi sioni vizuri. Nasubiri miwani. Na mpira wa mtu asiyesalimia siuoni kabisa."

Nahodha akatazama kikapu. Akainama, akachakura, akauinua mpira juu ili kila mtu auone, ukining'inia na uzi wa ndago.

Wakaenda wote ukumbini, jasho na fimbo na kila kitu. Kamati ikakaa meza ndefu, mwenyekiti katikati, picha yake juu ya kichwa chake. Mama mkwe alipewa kiti akakataa, akakalia kigoda chake, kwa hiyo kutoka upande wa kamati kilionekana kilemba tu. Zulia alisimama nyuma yake, kofia mikononi, kichwa kinang'aa kwa jasho.

"Mama," mwenyekiti akaanza kwa heshima, "mgeni wetu anasema ulichukua mpira wake."

"Nilichukua."

"Kwa nini?"

"Ya wengine naitia shimoni. Wake sikutaka kuutia."

Hakimu akajikunja kitini. Mwalimu wa hesabu akafumba macho, kama mtu ambaye moyoni alikuwa amekwisha kulipiga hesabu jambo hilo.

"Ya wengine," mwenyekiti akarudia, "unaitia shimoni?"

"Sasa mlidhani inatembea? Nawaona wazee wa watu mnahangaika na jua lote hili, mnapiga, mnatembea, mnapiga tena, kisa kukitia kitu kidogo shimoni. Na mimi nimekaa hapo hapo karibu. Ningewaachaje?"

Mfamasia alianza kucheka, akajificha nyuma ya leso. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amepauka. Aliinama juu ya meza ili akione kilemba vizuri, na sauti ikamtoka ndogo kuliko mwili wake.

"Na wangu, mama? Ule wa kwanza kabisa?"

"Wewe ni yule aliyenisalimia kwa mbali?"

"Nadhani ndiye mimi."

"Wako ulianguka kikapuni."

Zulia alifungua kinywa, na safari hii maneno yakatoka, tena yote kwa pamoja. "Mheshimiwa nilitaka kukwambia lakini ukanikumbatia, halafu ukanisifia, halafu ukalia, na mimi mtu akilia sijui nimkatize wapi, na huyu ni mama mkwe wangu."

Mwenyekiti aliinua mkono anyamaze. Akasimama, akageuka, akaishusha picha ukutani kwa mikono miwili. Aliishika kifuani na hakuna aliyejua aangalie wapi. Hata nahodha wa wageni alijishughulisha na soksi.

"Lakini mwanangu," ikasema sauti kutoka kigodani, "wewe ulikuwa huko nyuma ya kilima, hukioni kikapu, na kikapu chenyewe ndicho hiki." Akakiinua. Kilikuwa kidogo kweli, cha kubebea mayai. "Umerusha ukaingia humu, haukugusa hata mshikio. Kama hiyo si shabaha, mimi sijui shabaha ni nini."

Mwenyekiti alikitazama kikapu. Akautazama mdomo wa kikapu, akaulinganisha kichwani na shimo la gofu. Ulikuwa mkubwa kidogo, si sana. Akamtazama mfamasia, na mfamasia akaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama shahidi: ni kweli, haukugusa mshikio.

Kamati ikaamua mambo haraka. Kwa kuwa Zulia alishuhudia mpira umefika ukingoni, pigo la nahodha likahesabiwa kuwa limeingia, naye akashinda mashindano, na kabla ya kupokea kombe alikwenda mbele ya kigoda, akainama, akasema "Shikamoo, mama" kwa sauti ya mtu mwenye akili. Mapigo ya wanachama wote yakafutwa. Picha ya mwenyekiti ikarudi ukutani siku iliyofuata, na maandishi mapya chini yake: Kikapuni kwa Pigo Moja. Mpaka sasa hakuna mwingine aliyeweza.

Miwani ilipokuwa tayari, mama mkwe aliivaa, akaenda shimo la saba kuaga, akaiona grini kwa mara ya kwanza ilivyo. Akaizunguka yote polepole.

"Baba," akamwambia Zulia, "hapa nani ameharibu hivi?"

"Ni ndago, Mama," akasema Zulia.

Alirudi kwao na fimbo ya zamani ya gofu aliyopewa na mwenyekiti, akiitembelea kama mkongojo. Zulia naye akaifunga grini ya saba. Akaubandua ukoka wote, akauchimba ule udongo mtamu, akaupepeta kwenye chekecheo, na mwenyekiti akaja kumsaidia akiwa na koleo zake za kung'olea meno, anachomoa kiazi kimoja kimoja na kukinyanyua juani kukikagua. Kila kimoja alikitolea maelezo. Zulia naye akamsimulia kisa cha fahali aliyeingia benki, na kwa kuwa hapakuwa na wembe, alifika nacho mwisho.

Ukoka mpya uliposhika, mkewe alikuja kuona. Alikuwa hajawahi kufika. Alivua viatu, akakanyaga grini, akatembea mpaka kwenye bendera na kurudi, vidole vya miguu vikizama kidogo.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii."

"Nzuri." Akavaa kiatu kimoja, akasita na cha pili mkononi. "Sasa baba watoto, hebu niambie. Mbona uani kwetu ni vumbi tupu?"

Zulia alivua kofia, akajipangusa utosi, akasema kwamba mashine ya kukatia nyasi inamsubiri, akaondoka kwa mwendo wa haraka kidogo.